Mgongo wa Franco

Kwetu Masisi neno gereza lilikuwa la vitabu vya shule. Sisi tulisema buloko. Na kile chumba kidogo cha nyuma ya ofisi, mtu anamolala usiku mmoja au mitatu kabla hawajaamua la kumfanya, tulikiita kasho. Mwaka 1978 nilikuwa na miaka 17, na wanaume wa mtaani kwetu ambao hawakuwahi kulala kasho ningeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hujalipa kodi ya kichwa, kasho. Umekwepa Salongo ya kufyeka njia, kasho. Kadi ya chama, MPR, umeisahau nyumbani, kasho mpaka mkeo aje nayo, na aje na kuku pia.

Kwa hiyo habari ilipopanda milima kwamba Franco Luambo, mwanamuziki wa OK Jazz, yuko buloko Kinshasa, haikutupiga kama ilivyowapiga watu wa mjini. Ilitusogezea Franco karibu. Mtu tuliyemjua kwa sauti tu, kwa sahani za muziki zilizochakaa na radio ya betri inayoanikwa juani ili ipate nguvu kidogo, leo analala chini kama baba zetu. Siku ileile walianza kuja dukani kuulizia foto yake. Wale wasiojua kuuliza kwa kuzunguka walisema wazi: ile ya buloko.

Duka lilikuwa la yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, mpiga foto. Chumba kimoja cha mbao kilichoezekwa bati, kwenye njia ya sokoni. Ukutani pazia alilolichora mwenyewe: ziwa, mtende, na ndege inayopaa juu ya mlima unaotoa moshi. Kamera yake ilikuwa Yashica ya macho mawili, ile unayoinama kuiangalia kutoka juu kama mtu anayechungulia kisima. Mkanda mmoja, picha 12. Umeme haukuwako. Tulichapa kwa taa ya mafuta: negativu inalazwa juu ya karatasi, kioo kinakandamiza, unafungua kijimlango cha sanduku la taa, unahesabu mpaka saba, unafunga. Foto inatoka na ukubwa uleule wa negativu, sentimita 6 kwa 6, na wateja waliipenda hivyo kwa sababu inaingia mfuko wa shati. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchota maji, kutikisa dawa, na kuwaambia watu wakaze shingo.

Labda ni hiyo kazi ya kukazisha watu shingo iliyonifanya nizichoke foto za kusimama rasmi. Nilizoea kuona mama anayecheka mlangoni akigeuka jiwe mara akikaa mbele ya pazia. Lakini mkanda ukibaki na picha moja, na mteja aliyepiga anaingoja yake, yaya alikuwa anatoka nje na kuimalizia kwa yeyote anayepita: mvulana anasukuma chukudu iliyojaa viazi, askari anakuna mguu. Hizo tuliziita foto za kuiba. Hakuna aliyezinunua. Nilizichukua mimi, nikazibandika kwenye daftari.

Katika daftari hilo Franco alikuwa na kurasa zake. Nilikuwa nazo tisa, nyingine nimezikata kwenye magazeti, nyingine tumezipiga upya kutoka kwenye maganda ya sahani. Nane zilikuwa za kukaza shingo: gitaa kifuani, macho kwenye kamera, suti, na baadaye abacost. Moja tu ilikuwa ya kuiba. Anajipangusa jasho kwa kitambaa, mdomo wazi, amechoka. Hiyo sikumruhusu mtu aishike.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba Kinshasa alikuwako bwana aliyezifanya foto za namna hiyo kuwa kazi ya maisha. Jean Depara, mzaliwa wa Angola, Franco alimchukua awe mpiga foto wake rasmi mwaka 1954, na Depara akamfuata usiku kwa usiku katika mabaa, kwa wanawake na magari na kola zilizofunguliwa. Lakini tangu 1975 Depara alikuwa mpiga foto wa bunge. Mtu aliyejua kuliko wote kumnasa Franco asipojua, mwaka ule Franco anafungwa alikuwa anawapiga wabunge. Hao nao, nadhani, walikaza shingo vizuri.

Kosa lenyewe mnalijua. Nyimbo mbili, ‘Hélène’ na ‘Jackie’, zilizozunguka kwa kaseti. Mwanasheria mkuu wa dola, Kengo wa Dondo, aliona ni matusi matupu, na Franco akahukumiwa pamoja na wanamuziki kadhaa wa OK Jazz, miezi michache tu baada ya serikali hiyohiyo kumvisha nishani. Inasimuliwa kwamba Franco alibisha kuwa hakuna tusi ndani yake, mpaka mama yake mzazi alipoitwa na kusikilizishwa kaseti. Yule mama aliyekuwa akiuza mandazi soko la Ngiri-Ngiri huku mwanawe mdogo akipiga gitaa pembeni ili wanunuzi wasogee. Mama alisikia, akaona haya, na kesi ikaishia hapo. Kama ndivyo ilivyokuwa, ni hukumu ya kikwetu kabisa.

Kaseti yetu sisi ililetwa na mwalimu mmoja aliyetoka likizo. Tuliisikiliza mlango umefungwa, watu tisa katika chumba cha watu wanne, sauti imeshushwa. Nikiri jambo moja: Lingala yetu ilikuwa ya kuokoteza kwa askari na kwenye nyimbo. Masisi ni nchi ya Kihunde, ya Kinyarwanda na ya Kiswahili. Nusu ya matusi ya Franco tuliyapita bila kuyaona. Tulicheka pale mwalimu alipocheka, tukanyamaza pale aliponyamaza.

Sasa foto. Wiki ya pili dereva mmoja wa lori alisimama dukani kuchukua picha zake za kitambulisho, akasikia tunavyoulizwa, akasema: hiyo mnayoitafuta iko Walikale. Nimeiona kwa macho yangu, kwa mfanyabiashara wa mafuta ya mawese. Franco uani mwa buloko, amekaa, kwa nyuma.

Yaya aliendelea kufuta kioo. Jioni akanipa Yashica, mikanda miwili, na lile lenzi dogo la kuvisha juu ya macho ya kamera kwa picha za karibu. Akanitungia sababu ya safari: naenda kupiga watoto wa shule.

Asiyeijua barabara ile ya miaka ile nimwambie tu kwamba unaondoka na sweta na kufika umelivua. Kutoka Masisi mpaka Nyabiondo bado uko kwenye majani na ng'ombe, baridi ya asubuhi inauma masikio. Ukipita Kashebere msitu unakumeza. Barabara inashuka na kushuka, mto Lowa mara uko kushoto, mara unausikia bila kuuona, miti inafunga juu, na hewa inakuwa nzito kama chumba ambamo wamefua. Tulikwama siku mbili. Ya kwanza daraja la magogo lilikuwa limehama. Ya pili sababu hata siikumbuki, tulikaa tu, tukachoma ndizi. Kamera niliifunga katika blanketi nikailalia.

Mfanyabiashara alinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Alikuwa mtu mzima, mnene yeye mwenyewe, mikono imekuwa rangi ya mawese isiyotoka tena. Akaingia ndani, akarudi na bahasha, akaifungua kwa ncha za vidole.

Foto ilikuwa ya sentimita 13 kwa 18, imekunjika kona moja. Mtu mkubwa amekaa kwenye kiti kifupi, ametupa mgongo. Singileti nyeupe imembana mpaka nyama inatokeza kwenye mikono. Kichwa kimegeuka kidogo tu kushoto, unaona sikio na mwanzo wa shavu. Mkono mmoja juu ya goti. Mbele yake ukuta uliopakwa chokaa, na dirisha lenye nondo nne. Kivuli cha nondo kimeanguka ukutani, kimelala.

“Ni nani aliipiga?” niliuliza.

“Askari. Ameiuza Kisangani. Mutoto wa ndugu yangu akaileta.”

“Na mzee ana hakika ni yeye?”

Aliniangalia kwa huruma, kama mtoto aliyeuliza kama maji yanalowesha. “Angaria mugongo. Ni nani ingine iko na mugongo kama hii?”

Kuiuza alikataa. Kuipiga upya alikubali, kwa zaire tano na foto ya familia yake yote, watu 14, ambayo ilinilia picha tatu kwa sababu mtoto mdogo hakutaka kutulia. Nikaitundika foto ya Franco kwenye mlango wa ghala kwa miiba ya mlimao, jua la saa nne likiigonga kutoka ubavuni. Yashica ina tabia moja unayopaswa kuijua kazi hii ikikukuta: jicho la juu ndilo la kuangalia, la chini ndilo la kupiga, na ukisogea karibu hayaoni kitu kimoja. Usipojua unakata kichwa. Yaya alikuwa na dawa yake: kibao alichokichonga mwenyewe, unene wake ni sawasawa na umbali kati ya macho mawili. Unalenga kwanza, halafu unachomeka kibao chini ya kamera, jicho la chini linapanda mahali pa la juu, unapiga. Nilifanya hivyo mara nne, pumzi nimeibana. Nilitaka foto yote iingie, mpaka pembe zake.

Niliporudi Masisi yaya alisafisha mkanda usiku uleule. Ulipokauka akaushika mbele ya taa, akavuta kioo chake cha kukuzia. Yeye alisoma negativu kama wengine wanavyosoma barua: nyeupe ikiwa nyeusi na nyeusi ikiwa nyeupe, hakuhitaji kuigeuza kichwani. Aliangalia muda mrefu. Kisha akasema, bila kuinua macho:

“Ziba chini. Chini kuna uchafu.”

Nikakata kipande cha karatasi nyeusi, nikakilaza juu ya sehemu ya chini ya negativu kila nilipochapa. Hivyo katika foto zetu yule mtu anaishia kiunoni, kiti hakionekani vizuri, na ardhi haipo kabisa. Zilipendeza zaidi hivyo, nilikubali. Mgongo, nondo, kivuli.

Tuliuza kwa makuta 50. Hatukuzitundika, hatukuwa wajinga. Tulizificha ndani ya pakiti ya karatasi za foto ambazo hazijatumika, ile iliyoandikwa kwamba ikifunguliwa kwenye mwanga inaharibika. Mkubwa yeyote akiingia na kupekua, yaya anamwambia kwa heshima zote: hii, chef, ukiifungua umenifilisi. Hakuna aliyeifungua.

Nani walinunua? Mwalimu wa kaseti, tatu. Makanga wa malori. Mchungaji wa ng'ombe aliyeshuka kutoka upande wa Mushaki, hakujua hata wimbo mmoja wa Franco, akasema tu kwamba amesikia kuna tajiri aliyefungwa na anataka kumwona. Bwana mmoja wa ofisi, abacost imepigwa pasi mpaka inakata, alizunguka dukani robo saa akisifu pazia, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ile nyingine ipo. Moyo ulinishuka mpaka tumboni. Yaya akamwangalia usoni, akafungua pakiti. Bwana akachukua mbili, akalipa, hakuomba hata kupunguziwa.

Ila ninayemkumbuka kuliko wote ni mama mmoja muuza kasiksi, pombe ya ndizi. Mumewe alikuwa kasho kwa kodi, siku ya nne. Alikuja asubuhi na bugali na maharage kwenye jani la mgomba, bado moto, akanunua moja na kuisukuma katikati ya jani, kati ya bugali na maharage. Nikamwambia: mama, itaharibika. Akaniambia: si ya kuweka. Baada ya siku chache mume alitoka akaja kutuonyesha. Foto ilikuwa imepita mikono ya watu wote waliolala mle. Ilikuwa na alama za vidole vya mawese pembe zote, na mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi nyuma yake majina sita, la Luambo la kwanza, kama orodha ya wenye kulala pamoja. Nilitaka kuibadilisha kwa mpya nibaki na ile. Alikataa kabisa.

Mimi nimekusanya foto miaka mingi, na watu huniuliza kwa nini hii. Nyota tulikuwa nazo za kutosha, gitaa limewekwa mbele kama ngao. Watu wa Masisi walitaka kumwona Franco asipojua anaangaliwa, kwa sababu wao ndivyo walivyoangaliwa siku zote walipokuwa wamekaa chini uani mwa ofisi, migongo nje, wakisubiri. Mgongo ule waliujua tangu zamani.

Alitoka baada ya kama miezi miwili, watu wa Kinshasa wakiwa wameshapiga kelele barabarani. Foto ikafa siku moja. Hakuna aliyeitaka tena. Mwaka 1980 serikali ileile ikampa cheo cha Grand Maître, na sisi tukarudi kuuza zile za kukaza shingo. Ilifufuka mara moja tu, alipofariki Namur, Ubelgiji, tarehe 12 Oktoba 1989, akiwa na miaka 51. Siku nne za maombolezo ya taifa, radio ikipiga yeye tu. Wakati huo yaya alikuwa amehamia Goma, nami nilichapa 30 hivi, nimeziba chini kama kawaida.

Yaliyofuata sitayaeleza marefu, wengine wameyaeleza. Machi 1993 damu ilimwagika sokoni Ntoto, Walikale, ikapanda mpaka Masisi, na watu wakashuka Goma na walichoweza kubeba kichwani. Mimi nilibeba kopo la maziwa ya unga lililojaa negativu. Daftari lilibaki, na Franco wa kitambaa akabaki humo. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikaitembelea studio ya yaya, ikalala juu yake. Kopo lilikuwa kwangu, upande ambao moto haukupita. Yaya hakupiga tena. Alikufa miaka michache baadaye.

Februari 2003 mwanamuziki Papa Wemba alipokamatwa Ufaransa kwa mambo ya kuingiza watu, gereza lake nililijua jina kabla sijapata hata chai: Fleury-Mérogis. Mwaka 2016 teke la mwanamuziki mwenzake Koffi Olomide uwanja wa ndege wa Nairobi lilikuwa kwenye simu ya kila mtoto wa Goma siku ileile, na alipowekwa gereza la Makala siku chache hakuna aliyemtafuta mpiga foto. Foto za kuiba zimekuwa bure, zinakufuata mpaka kitandani.

Kopo lilifunguliwa na binti wa yaya. Amesoma mambo ya kompyuta, ana mashine inayogeuza negativu kuwa picha kwenye kioo. Alikuja Jumapili, tukakaa ukumbini na soda, akawa anazipitisha moja moja huku nikimtajia majina. Wengi wamekufa, yeye anaandika. Tukafika kwa Franco.

Negativu ilikuwa nzima, haikuzibwa. Nilikuwa sijaiona hivyo tangu ule mlango wa ghala la Walikale, na siku ile niliangalia mgongo tu. Akaikuza. Mgongo ukajaa kioo, akaupita. Akashuka kwenye kiti, kwenye miguu, kwenye ardhi, akasimama hapo, akaikuza tena.

“Papa mdogo,” akasema, “hii buloko walikuwa wanauzisha pombe?”

Nikavaa miwani. Ardhi ya chini ya kiti ilikuwa imeshindiliwa ngumu, na ndani yake, kila mahali, vimekanyagwa mpaka vikalala sawa na udongo kama vinavyolala uani mwa nganda yoyote uijuayo, kulikuwa na vizibo vya chupa za bia. Vingine vimetazama juu, meno yote yanaonekana. Karibu na mguu wa kiti, nusu yake imekatwa na kivuli, chupa yenyewe.

Chini kuna uchafu.

Nilicheka mpaka binti akaniletea maji. Kisha akaniuliza aihifadhi kwa jina gani, kwa kuwa mashine inataka jina. Nikamwambia asubiri kwanza. Nikavuta kiti, tukaanza kuvihesabu, yeye kwa kidole, mimi kwa kalamu. Tulifika 43, na bado kulikuwa na upande wa kushoto.